Polisi Mlangoni, Mama Mkwe Chumbani

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki jana, au mlifungiwa maandazi kwa ukurasa wangu kabla hamjausoma, nawapa kwa ufupi mahali nilipofikia.

Mimi ni Nkwabi wa Mabatini. Ni yuleyule aliyepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, akanunua deki ya video kwa kiinua mgongo chake, akafungua kibanda cha sinema, na mgao wa umeme ukaanza wiki hiyohiyo. Ni yuleyule aliyegeukia mitumba akauziwa robota zima la makoti ya baridi kali, hapahapa Mwanza. Hayo tumeshayacheka na yamepita.

Lililobaki ni la injini. Shemeji yangu Mhoja, kitinda mimba wa kwao mke wangu Kija, alivuka kutoka Kamanga na injini ya mtumbwi iliyofungwa magunia, akanifuata nyumbani Kija akiwa sokoni.

"Nihifadhie siku mbili tatu tu, shemeji," akaniambia. "Na dada asijue."

Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya rafiki. Nikamuuliza rafiki gani.

"Shemeji, unauliza maswali ya kipolisi."

Kwa kuwa sikutaka kufanana na polisi, nikaacha kuuliza. Nikaisukuma chini ya kitanda chetu, na Kija aliporudi nikamwambia ni jenereta ya video.

Haukupita muda, habari zikazagaa sokoni kwamba mtumbwi wa Mzee Tayabali, mfanyabiashara wa samaki, umeng'olewa injini huko Kamanga. Nikakimbia nyumbani kwenda kuitoa. Nikamkuta mama mkwe amewasili kutoka Sengerema, amechoka, amelala. Amelala chumbani kwetu, kwenye kitanda chetu, juu ya injini ya watu. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana.

Msomaji wa Dar utaniuliza kwa nini sikuingia tu nikaitoa. Unauliza kwa sababu hujaoa Usukumani.

Mimi na mama mkwe, tangu nimwoe binti yake, hatujawahi kutazamana usoni. Akija kwa njia hii, mimi nashika ile. Akiwa na neno nami humwambia Kija, na Kija ndiye huniambia, hata kama sote tuko ua mmoja na nimeshasikia. Jina langu halitamki, na lake mimi silitamki. Chumba anacholala mkwe sikanyagi hata kikiwaka moto.

Nyumba yangu ni chumba na sebule. Mama na binti yake wakachukua chumba, mimi nikahamia kibandani kwenye mabenchi ya watazamaji. Nikamwomba Kija anitolee ile jenereta.

"Jenereta ya nini tena," akasema, "na umeme umerudi? Mwache mama apumzike."

Ndiyo, umeme ulikuwa umerudi. Nimeungoja miezi, ukachagua wiki hiyo.

Kuna jambo jingine nililowaficha, maana kila mtu ana aibu zake. Mwezi uliotangulia nilihudhuria semina ya sheria na haki za raia. Mwaka ule wa vyama vingi semina zilikuwa kila kona, na mimi nilifuata chakula cha mchana. Nikarudi na fulana, cheti na mdomo. Tangu siku hiyo Mabatini nzima wakawa wananiita Wakili, nami kwa ujinga wangu nikadhani wananisifu.

Basi asubuhi moja ya wiki hiyo nimeketi barazani kwangu nakunywa chai, kwa sababu sebuleni mama mkwe alikuwa akitoka na kuingia. Nikaona polisi wawili wanakuja, gari lao wameliacha kando ya njia. Mmoja ni Koplo Paulo, mtu mzito mwenye sauti ya upole, anayejulikana mtaa mzima. Mwingine ni askari wa kike, kijana, ambaye baadaye nilisikia anaitwa Rebeka.

"Hodi hapa," akasema Koplo.

Neno la kujibu lilishafika kwenye meno, nikalimeza. Semina ilitufundisha: polisi akibisha hodi nawe ukamkaribisha, umempa ruhusa, na hati ya upekuzi haina kazi tena.

"Habari za asubuhi, afande," nikasema.

"Nzuri. Nimesema hodi."

"Nimesikia."

"Mbona hujibu?"

"Nimejibu. Nimesema habari za asubuhi."

Koplo akamtazama mwenzake. Kisha akanitazama mimi, kwa huruma.

"Ndugu yangu, kwenu hamkufundishwa kupokea wageni?"

Majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Nilipoona nina watazamaji, bila kiingilio, nikaweka kikombe chini na kupandisha sauti.

"Mna hati ya upekuzi?"

"Hatuna," akasema Koplo. "Tumeambiwa injini ya mtu ilionekana ikishushwa mtaa huu. Tunauliza nyumba kwa nyumba. Kule kwa fundi cherehani tumechungulia sebule, tumeshukuru, tumeondoka. Hapa jirani vilevile."

Hebu nisemeni. Kama ningejibu karibu kama watu wazima wanavyojibu, Koplo angechungulia sebule, angeona bibi mzima anapepeta mchele, angempa shikamoo yake na kwenda zake. Hakuna polisi wa Mwanza atakayeinama chini ya kitanda cha mama wa watu kwa kuuliza nyumba kwa nyumba.

Lakini mimi nilikuwa na cheti.

"Bila hati," nikasema, na sasa majirani walikuwa wengi, "polisi haingii nyumba ya raia. Nendeni kwa mkuu wa kituo, mrudi na karatasi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Wakili, wape." Hilo lilinipa nguvu zaidi.

Koplo Paulo akavua kofia akajipepea. "Mtaa mzima umetukaribisha," akasema. "Wewe peke yako unataka karatasi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni haki yangu."

"Sawa, ni haki yako. Lakini sheria hiyohiyo inasema, kama nina sababu ya kuamini kitu kipo ndani, na nikienda kutafuta hati nitakuta kimehamishwa, naingia bila hati. Hilo hawakuwafundisha?"

Walifundisha. Walifundisha baada ya chakula cha mchana, na mimi baada ya chakula nilikuwa nimeshaondoka.

Sikutaka mtaa ujue hivyo. Nikacheka kicheko cha mtu anayejua mambo.

"Kitahamishwa na nani, afande? Maana mimi mwenyewe siwezi hata kuingia chumba kile."

Hata yule aliyekuwa ananipa moyo akarudi nyuma hatua moja.

"Chumba kipi?" akauliza Rebeka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike.

Niliogopa, ndugu wasomaji, na nasema wazi. Injini ikitoka ndani mwangu, mwizi ni mimi. Nikisema ni ya Mhoja, nimempeleka ndugu wa mke wangu gereza la Butimba kwa mdomo wangu. Na hata hapo Kija angetaka kujua kwa nini alikuwa anafagia chini ya kitanda kuzunguka jenereta.

Nikashika la mwisho nililolikumbuka vizuri.

"Haiwezekani kupekua bila shahidi," nikasema. "Lazima balozi wa nyumba kumi awepo."

Hapo umati ukapasuka kwa kicheko, na sikuelewa kwa nini, mpaka nilipomwona Bi. Evelina mwenyewe amesimama mbele na beseni lake la dagaa. Bi. Evelina ndiye balozi wetu.

"Balozi yupi, mwanangu?" akauliza. "Si ulisimama kwenye mkutano ukasema mimi ni balozi wa chama, si wa serikali, na vyama vingi vimenistaafisha?"

"Nilisema kwa ujumla, mama."

"Ulinitaja jina."

"Shikamoo, Bi. Evelina," nikasema.

"Marahaba. Leo mimi nimekuja kama mnunuzi wa dagaa. Kama Wakili ananihitaji kwa kazi ya ubalozi, anitambue mbele ya watu."

"Nakutambua, mama."

"Wa kule nyuma hawajasikia."

Nikasimama nikatamka, kwa sauti ya mkutano, kwamba mimi Nkwabi namtambua Bi. Evelina kuwa balozi halali wa nyumba kumi. Watu wakapiga makofi. Moyoni nikasema, sasa amefurahi, atanitetea, angalau atawataka warudi na karatasi.

Bi. Evelina akatua beseni, akafunga vizuri kanga yake.

"Vizuri," akasema. "Basi kama balozi nasema polisi waingie. Asiye na kitu hana sababu ya kukaa mlangoni anahutubia."

Koplo Paulo akavaa kofia. Lakini alikuwa mtu wa adabu, hilo siwezi kumnyima. Mguu wake ulipofika kizingitini akasimama, akabisha tena.

"Hodi humu ndani."

Na kutoka ndani, mama mkwe wangu, mama wa watu aliyelelewa vizuri, akajibu kama anavyojibu maisha yake yote.

"Karibuni, wanangu. Piteni ndani, mbona mmesimamishwa juani?"

"Asante, mama," akasema Koplo. Akanigeukia. "Umesikia. Tumekaribishwa, na hayo mengine yote tuyaache."

Sasa angalieni mtego nilioingia. Nililijua jibu. Hili lilifundishwa asubuhi, kabla ya chakula, na nililishika: anayewaruhusu polisi kuingia awe ni mwenye makazi. Mgeni hana mamlaka ya kuruhusu upekuzi wa nyumba isiyo yake. Sheria ilikuwa upande wangu, safari hii kweli.

Tatizo ni kwamba ilibidi niitamke.

Kija alikuwa ametokeza mlangoni, mikono ina unga. Nikamwangalia yeye, kwa kuwa mama mkwe siwezi kumwambia neno.

"Mama Odeta," nikasema, nikilitaja jina la mtoto wetu ili kumlainisha, "hebu waeleze hawa polisi kwamba aliyewakaribisha ni... yaani, si mkazi. Ni mgeni."

"Nani mgeni?"

"Kisheria."

"Nimekuuliza nani mgeni, baba Odeta."

"Kisheria tu, mke wangu. Mgeni hawezi kukaribisha watu kwenye nyumba ya..."

"Mama yangu, kwa mtoto wake wa kumzaa, hana ruhusa ya kusema karibu?"

Wanawake wote waliokuwa pale wakaguna kwa pamoja. Hata Rebeka, aliyekuja kunipekua, alinitazama kana kwamba sasa kosa langu limethibitika.

Kutoka ndani ikaja sauti, taratibu.

"Kija, mwambie mkwe nimesikia."

Kija akanigeukia. "Mama anasema amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia," nikasema.

Koplo akashika mlango akaniachia nafasi. "Haya, mwenye nyumba, tangulia."

"Nitangulie wapi?"

"Chumbani. Ni haki yako kushuhudia nyumba yako ikipekuliwa. Usije ukasema kesho tumekuwekea kitu."

"Siwezi, afande."

"Saa nzima umenihubiria haki. Hii nakupa mwenyewe, unaikataa?"

"Mkwe wangu ndiko anakolala."

Koplo akanitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tukaelewana. Yeye hakuwa Msukuma lakini alikuwa na mama mkwe wake, na mwanamume anamjua mwenzake. "Basi hata mimi siingii," akasema. "Rebeka, ingia na balozi. Na dada naye aingie, awe macho ya mumewe."

Wakaingia wanawake watatu. Mimi na Koplo tukabaki barazani. Akaniuliza kama kile kilichomo kikombeni ni chai. Nikamwambia imepoa. Akasema haidhuru, akainywa.

Nilisikia kitanda kinasogezwa. Nikasikia gunia linafunuliwa. Kisha Rebeka akaita.

"Afande, ipo."

"Hiyo ni jenereta," nikamsikia Kija akisema, kwa uhakika kabisa, na uhakika ule uliniuma kuliko jambo lolote la siku hiyo. "Ni jenereta ya video ya mume wangu. Mwenyewe aliniambia."

"Dada, jenereta gani ina mapanga ya kukatia maji?"

Kija alitoka akasimama mlangoni akaniangalia, unga bado mikononi, na sikuweza kuinua macho. Miaka yote ya ndoa nimemfanyia upuuzi mwingi, nyie mnaujua, mmeusoma. Nilimtia hasara kwenye makoti, nikamtia hasara kwenye video. Lakini alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu akaapa kwa uongo wangu.

Koplo Paulo akatoa pingu. Nikanyoosha mikono kabla hajaniambia. Walau hilo nililifanya bila kuuliza hati.

"Mwacheni huyo," ikasema sauti mlangoni. "Ni yangu."

Nikageukia ukutani haraka, kama inavyotakiwa. Lakini niliijua sauti hiyo.

"Shikamoo, mama," akasema Koplo.

"Marahaba, mwanangu. Nimesema ni yangu. Nimekuja nayo kutoka nyumbani."

"Mama, hii ni injini ya mtumbwi."

"Najua ni nini. Nimeilalia. Inanuka mafuta."

"Ulivuka nayo vipi?"

"Kichwani. Nilibeba magunia ya pamba kabla hujazaliwa."

"Mama ni mvuvi?"

"Naanza."

Hapakuwa na aliyecheka. Nami hapo, uso ukutani, ndipo nilipoelewa. Mama mkwe hakuja Mwanza kuniona mimi wala mjukuu wake. Bila shaka polisi walishafika kwake Sengerema kumwulizia Mhoja, akavuka ziwa kuja kumtafuta kitinda mimba wake, na usiku wake wa kwanza kitandani akanusa petroli. Akainama, akatazama, akarudi kulala. Siku zote zile alikuwa anailinda ile injini makusudi, asiende mbali na chumba, ili mtu asiiguse. Nami nilidhani amechoka na safari.

"Mama," akasema Kija kwa sauti ndogo, "unasema nini?"

"Nyamaza, Kija. Wewe hujui kitu, na ndiyo vizuri."

Koplo alikuna kidevu. Nilimwona kwa pembe ya jicho, na alikuwa mtu aliyetamani asubuhi hiyo angekuwa ametumwa mtaa mwingine.

"Nkwabi," akasema, "nyumba ni yako. Kitanda ni chako. Mama anasema mali ni yake. Nakuuliza mbele ya balozi: ni kweli ya mama huyu?"

Nikafikiri. Nikisema ndiyo, mama wa mke wangu anapanda gari la polisi akiwa na kanga ya kulalia. Nikisema ni yangu, Odeta anakua baba yake yuko Butimba. Nikisema ukweli, naye Mhoja akakamatwa, bibi huyu atakufa kwa uchungu na Kija hatanisamehe nikiwa hai.

"Si lazima ujibu," akaongeza Koplo, taratibu. "Hiyo nayo ni haki. Ukinyamaza, nitaandika maneno ya mama kama alivyoyatoa, na mama tutaondoka naye."

Wapendwa, mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata kanisani nilitamani kunyamaza. Kilikuwa kimya halali, kimepitishwa na sheria.

Ndipo nikasikia nyayo zinakuja upande wangu. Nikajibana zaidi ukutani. Umati ukarudi nyuma, maana kila mtu pale alijua kisichofanyika, na aliona kinafanyika. Mkono mkavu ukanishika bega, ukanigeuza.

Kwa mara ya kwanza nikamwona mama mkwe wangu usoni. Macho yake yalikuwa ya Kija kabisa.

"Nkwabi," akasema. Alinitaja jina, mbele ya binti yake na mbele ya Mabatini yote. "Nimekuomba nini tangu umwoe mwanangu? Waambie ni yangu."

Nyuma yake Kija alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamshuka, ananiomba nisiseme. Koplo alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Nakungoja wewe, Wakili," akasema.

Nikafungua mdomo.